Kiota Kwenye Runinga

Kazi yangu ni kutunza wazee. Naogesha, nalisha, nageuza mtu kitandani asipate vidonda, napanga vidonge kwenye vile vikebe vya siku saba. Kazi hii nimeifanya miaka tisa katika mji wa Oxnard, jimbo la California, na katika miaka hiyo nimesindikiza wazee saba hadi kaburini. Ninayetaka kumweleza hapa ni wa saba, yeye na runinga yake. Nilipoombwa niandike jinsi imani yangu ilivyopata kujaribiwa, nilijaribu kutafuta jambo la kiroho zaidi, lakini kila nilipofumba macho niliiona ile runinga.

Mzee alikuwa mzamiaji. Kwa zaidi ya miaka thelathini alizama kuzunguka visiwa vilivyo mbele ya mji wetu, akiokota wale viumbe wa baharini wenye miiba kama nungunungu, ambao viini vyao vya njano Wajapani huvinunua kwa bei kubwa. Nilipoanza kumtunza alikuwa na miaka 86, magoti yamekwisha, mapafu yamebaki nusu. Dirisha la chumba chake lilitazama ukuta wa jirani. Binti yake akamfungia runinga kubwa mbele ya kitanda na kuiunganisha na intaneti. Mzee, aliyeweza kuona chochote duniani, akachagua kuangalia kiota cha tai.

Sitanii. Asubuhi kiota, mchana kiota. Usiku nikimfunika blanketi nilikuwa nataka kuzima, naye ananiambia, "Acha, nisikie upepo." Siku ya kwanza nilidhani ni picha tu, maana tai alikaa nusu saa bila kugeuza shingo. Halafu manyoya ya kichwani yakapeperuka, nikashtuka hadi nikamwaga chai. Kitu kile kilikuwa kinatokea wakati ule ule, ng'ambo ya maji, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Visiwa vyenyewe ni vitano: Anacapa, Santa Cruz, Santa Rosa, San Miguel na Santa Barbara. Tangu mwaka 1980 ni hifadhi ya taifa. Hakuna daraja la kwenda huko, hakuna duka wala hoteli. Wengi hufika kwa boti, nao hubeba maji na chakula chao na kurudi na takataka zao. Siku isiyo na ukungu unaviona kutoka ufukweni, vimelala kama migongo ya viboko. Santa Cruz ndicho kikubwa kuliko vyote, na kiota chetu kilikuwa huko, juu ya korongo. Wachumash, wenyeji wa kale, walikiita Limuw na waliishi humo maelfu ya miaka, mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 walipohamishiwa bara kwenye misheni, na magonjwa yakawamaliza kwa wingi. Hilo nalitaja kwa kuwa kitabu hiki ni cha kanisa, na misheni zile zilikuwa za kanisa.

Ipo kamera nyingine chini ya maji huko Anacapa, katika msitu wa mwani mkubwa ambao hali ikiwa nzuri hurefuka hadi sentimita 60 kwa siku moja. Samaki wa rangi ya chungwa hupita mbele ya kioo kana kwamba wanakuchungulia wewe. Mimi niliipenda hiyo. Mzee hakuitaka hata kidogo. "Kule nimeshaishi," alisema. "Juu sikuwahi kupanda."

Nami ni mtu wa kisiwa. Nimezaliwa Ukerewe, katika Ziwa Victoria, na nimekua nikijua kwamba safari yoyote ya maana inaanzia kwenye kivuko. Mama yangu hakuondoka kisiwani ila kwenda Mwanza hospitali, na mara moja Dar es Salaam kwenye harusi, ambako alisema joto lile si la binadamu. Mwezi wa kwanza wa mwaka ninaousimulia, Mama akiwa na miaka 79, alipata kiharusi. Upande wa kulia ukafa. Maneno yalibaki, lakini yakawa mazito, yanatoka moja moja kama mtu anayeteka maji kwa kikombe.

Sikuweza kwenda. Nalisema wazi kwa sababu najua baadhi yenu mnaosoma mko mahali nilipokuwa. Shauri langu la makazi lilikuwa halijaamuliwa, na mwanasheria aliniambia bila kuzunguka: ukitoka sasa, usitegemee kurudi. Na mshahara wangu ndio uliokuwa unalipia dawa za Mama, dada wa kumsaidia mchana, na ada ya watoto wa marehemu dada yangu. Nikienda, namkumbatia Mama kwa mikono mitupu. Nikibaki, nampa kila kitu isipokuwa mikono. Nilibaki. Mpaka leo kuna usiku ambao nalipigia hesabu upya.

Basi tukawa tunaonana kwa simu. Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, ndiye aliyeishika. Kwetu tuko nyuma yao saa kumi au kumi na moja kutegemea majira, kwa hiyo usiku wao wa kulala ni mchana wangu wa kazi. Siku moja mwezi wa pili nilikuwa nazungumza na Mama chumbani kwa Mzee, simu nimeielekeza vibaya, akaiona runinga nyuma yangu.

"Huyo si furukombe huyo?" akauliza.

"Ni ndugu yake, Mama. Tai wa huku. Anaatamia."

Akatazama kwa muda. "Mbona halii?"

Swali hilo linaeleweka kwa mtu wa ziwani. Furukombe wetu akilia asubuhi, mtu wa mtumbwi ulioko mbali anageuza kichwa. Nikamwongezea sauti. Bahati nzuri dume akaja na samaki, na jike akalia. Wapendwa, tai yule ana mabawa ya zaidi ya mita mbili, yuko kwenye nembo ya taifa kubwa, na sauti yake ni ya kitu kilichokanyagwa mkia. Mama alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Mkubwa vile," akasema, "na sauti ya kifaranga." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu augue.

Tangu siku hiyo, akishaniuliza kama nimekula, anamuuliza ndege wake. Nilifikiri baadaye kwamba sisi tuna Rubondo, kisiwa kizima katika ziwa letu hilo hilo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na furukombe wamejaa huko. Mama hakuwahi kukanyaga, wala mimi. Nimevuka bahari nikajua kisiwa cha watu.

Mama pia alitaka kumsalimia mwenye runinga. Alipojua kwamba Mzee amemzidi umri akasisitiza iwe kwa heshima. "Shikamoo," akasema kwa taabu. Nikamfundisha Mzee kujibu. Tangu hapo "marahaba" likawa neno lake kwa kila jambo. Daktari akiingia, marahaba. Mtu wa barua, marahaba. Binti yake akamuuliza ni ugonjwa gani tena huu.

Mayai yalikuwa mawili. Mwishoni mwa mwezi wa tatu, baada ya kuatamiwa kama siku 35, yakaanguliwa yakipishana siku mbili. Mwenye kufuga kuku anajua maana ya kupishana siku mbili. Mkubwa anakuwa na shingo, mdogo bado ni pamba iliyoloa. Samaki akija, mkubwa anakula kwanza, na mdogo akiinua kichwa anadonolewa. Mzazi yuko pale pale, anachambua nyama na kumpa aliyenyoosha mdomo juu zaidi.

Mwezi wa nne ikaja dhoruba. Kwetu Oxnard ilikuwa upepo na mvua ya kuudhi tu, lakini kule juu kiota kilikuwa kinayumba kama mtumbwi. Jike alitandaza mabawa na kuwafunika wote wawili siku nzima. Maji yalimtiririka mgongoni. Hakwenda kula. Mimi na Mzee tulikaa kimya kama watu walio nje ya chumba cha kujifungulia. Kesho yake asubuhi jua lilitoka. Jike akasimama, akajikung'uta, na chini yake kinda mmoja tu akanyanyua kichwa.

"Kwa nini hawaendi?" nilimuuliza Mzee siku moja kabla, wakati yule mdogo bado anapumua. "Si wanaona? Si wana boti?"

"Hawaendi," alisema. "Ndiyo kanuni. Ukiwakaribia, wazazi wanaweza kuruka na wasirudi, ukawapoteza wote."

Nililielewa jibu hilo, na bado lilinikaa kooni. Wiki ile ile Mama alikuwa ameanza kushindwa kumeza. Na wiki ile ile, kwenye ushirika wetu wa ibada ya Kiswahili, ndugu mmoja mwenye nia njema kabisa alinishika bega akasema maombi hayana umbali. Nilijibu amina huku nikisaga meno. Nilipofika nyumbani nilipiga magoti na sikuomba, nilishitaki. Nilisema, Bwana, najua unaona. Tangu Shule ya Jumapili nimefundishwa kwamba unaona. Hajiri alipokimbilia jangwani alikupa jina la kwamba wewe ndiwe unayeona, na mimi jina hilo nililipenda sana. Lakini kuona naweza hata mimi. Namwona Mama kila siku kwenye simu. Namwona tai kule kisiwani. Kama wewe nawe umefunga kamera tu, tofauti yetu ni nini?

Sikuogopa kusema hivyo. Nilikuja kuogopa baadaye, nilipogundua kwamba nangoja jibu.

Kesho yake nilimwambia Mzee, kwa hasira ambayo hakustahili, kwamba watu wa hifadhi ni watazamaji tu. Mzee hakuwa mtu wa kanisa. Alisema alikwisha kusali ya kutosha chini ya maji, hewa ilipokuwa ikimwishia. Lakini suala la tai lilimgusa, na siku hiyo aliongea kuliko siku zote.

Alinieleza kwamba alipokuwa kijana anaanza kuzama, visiwa vile havikuwa na tai kichwa-cheupe hata mmoja. Sababu ni diditii, dawa ile ile wazee wetu kanda ya ziwa waliijua kwa kuua mbu na wadudu wa pamba. Kiwanda kimoja upande wa Los Angeles kiliimwaga kupitia mfereji wa majitaka hadi baharini, miaka nenda rudi, tangu miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Samaki wakaila, tai wakawala samaki. Tai hakufa. Lilichoharibika ni ganda la yai, likawa jembamba kama karatasi. Jike anataga kama kawaida, anakaa kuatamia, na uzito wake mwenyewe unayavunja.

Hapo nilimwomba anyamaze kidogo.

Kisha akaendelea. Diditii ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972, lakini iliyokwisha kuzama ilibaki kwenye matope ya bahari. Tai walipopelekwa upya Santa Catalina, kisiwa cha jirani ambacho hakimo ndani ya hifadhi, mayai yao nayo yakapasuka. Ndipo watu wakaanza kupanda. Kila mwaka walifikia viota vya majabalini, wengine wakining'inia kwenye kamba ya helikopta, wakachukua mayai yale yenye ganda bovu kabla hayajavunjika, wakaweka ya bandia badala yake ili jike asikate tamaa. Mayai ya kweli wakayaangua kwenye mashine, halafu wakayarudisha makinda kiotani, na mzazi akaendelea kana kwamba ni yeye aliyeyaangua. Walifanya hivyo kwa miaka mingi. Kwenye kisiwa chetu cha Santa Cruz, kati ya mwaka 2002 na 2006, waliachia huru tai wachanga 61 walioletwa kutoka mbali. Waliwaweka kwenye vizimba vya juu, wakawalisha kwa siri ili wasizoee watu. Ndege wale walikula kila siku bila kuuona uso wa anayewalisha. Fedha zilitokana na kesi iliyomalizika mwaka 2000. Mwaka 2006 kinda la kwanza liliangualiwa kisiwani, baada ya zaidi ya miaka 50.

"Kwa hiyo waliingilia," nikasema.

"Waliingilia kabla wewe hujaanza kuangalia," alisema Mzee, na akaomba supu.

Aliniambia pia habari za mbweha wa visiwa, wadogo kama paka, waliobaki 15 tu pale San Miguel, kwa sababu tai kichwa-cheupe alipoondoka, tai wa aina nyingine alihamia na kuanza kuwala. Nao walikamatwa, wakazalishwa mabandani, wakarudishwa, na mwaka 2016 wakaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka kusikia habari za kupona.

Siku mbili baadaye nilimpigia Mama wakati wa uji wake wa jioni. Mpwa wangu aliegemeza simu kwenye birika ili nione. Akamlaza Mama chali, mto mmoja tu, akainua kidevu chake juu kama anayemwekea mtoto dawa, akaingiza kijiko kikubwa cha chakula.

Mimi ndiyo kazi yangu, ndugu msomaji. Mtu aliyepata kiharusi halishwi hivyo. Nimelisha baba za watu na mama za watu miaka tisa na hakuna aliyepaliwa mikononi mwangu. Nilipiga kelele, "Mwinue! Mwinue, kidevu kishuke!" Na mtandao ukaganda. Uso wa Mama ukasimama kwenye kioo, kijiko mdomoni, macho wazi. Sauti ikaja bila picha: kikohozi, kikohozi, kimya. Dakika sita. Nilihesabu kwenye saa ya ukutani ya Mzee. Simu ilipopokewa tena, Mama alikuwa amekalishwa, analia machozi, anapumua. Mpwa wangu naye analia.

Nilikata simu nikakaa chini sakafuni. Sikushitaki tena, sikuwa na maneno. Mzee alikuwa ameona yote, ingawa hakuelewa lugha. Baada ya muda akasema, "Mpigie tena. Geuza simu."

"Niigeuze wapi?"

"Kwangu. Mwonyeshe huyo kijana."

Lazima mjue kwamba Mzee alikuwa anakula mwenyewe. Mikono yake ilitetemeka, alimwaga nusu, lakini hakuruhusu mtu yeyote amlishe. Siku ya kwanza nilipojaribu alinisukuma kijiko kikaruka. Jioni ile alijilaza, akalegeza upande wa kulia, akaning'iniza mdomo. Nikaegemeza simu kwenye jagi. Nikamwambia mpwa wangu: tazama. Kwanza unamkalisha wima kabisa, mito mitatu, miguu isielee. Unakaa mbele yake, usawa wa macho yake, usisimame juu yake. Kijiko ni cha chai, si cha chakula. Uji uwe mzito kidogo, maji matupu ndiyo hatari. Unauweka upande ulio hai. Kidevu kinashuka kuelekea kifuani. Unangoja. Unatazama koo lipande na kushuka. Unangoja tena. Akimaliza usimlaze, mwache akae nusu saa.

Mzee alimeza vijiko kumi na viwili vya uji wa shayiri, chakula alichokichukia kuliko vyote, akiwa mgonjwa wa maigizo mbele ya kijana asiyemjua kwenye kisiwa asichokijua. Tulirudia siku iliyofuata, na iliyofuata. Siku ya nne mpwa wangu ndiye aliyetuonyesha sisi. Mama alimeza kikombe kizima bila kukohoa. Mzee, kitandani kwake, akainua kidole gumba na kusema, "Marahaba."

Sikuwahi kupata jibu la shitaka langu kwa namna ambayo ningeweza kusimama kanisani na kuitoa kama ushuhuda. Mara mbili mchungaji aliniuliza kama nina neno, nikasema bado. Kinda wa pili hakufufuka. Lakini niliacha kuomba kama mtu anayegonga kioo. Nilianza kuomba kwa vitu vidogo vyenye majina: mito mitatu, kijiko cha chai, mtandao usikatike kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, subira kwa kijana wa miaka 19. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuombea kijiko.

Mama aliishi wiki saba baada ya hapo. Alimwona kinda akiota manyoya meusi, akianza kurukaruka pembeni ya kiota huku mabawa yakimbeba kidogo na kumwangusha. "Ataanguka huyo," alisema kila mara, kwa hofu ya mama wa kisiwani anayechunga watoto wasisogelee maji. Alilala usiku wa Jumanne mwishoni mwa mwezi wa tano na hakuamka. Karatasi zangu zilitoka miezi mitano baadaye. Juu ya hilo sina la kusema.

Mazishi yalipangwa saa nane mchana, yaani saa kumi alfajiri kwetu. Ilikuwa zamu yangu ya usiku. Nilikusudia kuangalia jikoni, kwa simu, ili nisimwamshe. Nilimkuta macho.

"Weka hapa," alisema, akionyesha runinga.

Nikaunganisha simu. Tai wakatoweka, na ukutani pakaja ua wa nyumbani kwetu: turubai, viti vya plastiki, kwaya ya akina mama wenye vitenge vya sare, kuku wakipita katikati kama kawaida yao. Sijawahi kuliona jua la kwetu kubwa namna ile. Mzee aliniomba nimkalishe wima. Nikamwekea mito mitatu. Akavua kofia yake ya sufi, ile asiyoivua hata kuoga bila ugomvi, akaiweka mapajani.

Mtandao ulishika vizuri hadi mahubiri yalipokwisha. Walipofika kaburini, mwinjilisti akainama kuchukua udongo, na picha ikaganda. Mkono wake ukabaki hewani. Nilingoja. Udongo haukuanguka. Nilisikia wimbo ukija vipande vipande, kisha nao ukakatika, na mkono bado uko pale. Picha iliporudi kaburi lilikuwa limeshafunikwa na watoto wanapanga maua.

Mzee alikuwa ananitazama mimi, si runinga. Halafu akaigeukia. Akalitafuta neno kwa muda, midomo ikijaribu kwanza bila sauti.

"Shikamoo, Mama," akasema.

Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Sikumsahihisha.

Watu walipoanza kutawanyika na mpwa wangu akazima, Mzee aliomba turudishe kiota. Kisiwani kulikuwa bado giza. Nilivuta kiti karibu na kitanda, tukakaa tukisikiliza upepo, tukingoja kupambazuke tuone kama kinda bado yupo.